Wawili juu ya pikipiki moja: mwongozo kamili wa kupanda Kitulo na kushukia Njombe

Miongozo mingi ya safari za pikipiki huandikwa na anayeshika usukani. Huu umeandikwa na anayekaa nyuma. Mume wangu ndiye dereva. Mimi ndiye mwenye ramani, karanga na pesa za njiani, na ndiye ninayejua kiti kinaanza kuuma baada ya muda gani. Katika kuzunguka Nyanda za Juu Kusini namna hiyo nimefikia msimamo mmoja, na karibu kila ninachoshauri hapa chini kimetoka humo: safari ya wawili ipangwe kwa kipimo cha yule wa nyuma. Yeye haoni shimo likija, hana usukani wa kushikilia, hana kazi ya kumpasha joto, na akichoka anageuka mzigo unaoyumba kwenye kona. Dereva mwenye abiria aliyechoka hana breki nzuri hata kama fundi amezikaza jana.

Njia, na kwa nini mpandie upande huo

Mzunguko ninaoupendekeza unaanzia Mbeya. Mnafuata TANZAM, barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kuelekea Dar es Salaam kilomita 78 hadi Chimala. Hapo mnakata kulia, mnapanda ukingo wa bonde hadi Matamba, mnavuka uwanda wa Kitulo, mnashuka Makete, kisha mnakula lami hadi Njombe. Kutoka Njombe ni kilomita 60 hivi hadi Makambako, mnakoikuta TANZAM tena: kulia Iringa, kushoto Mbeya, kama kilomita 170. Anayetoka Dar au Iringa anaweza kuanzia Chimala moja kwa moja na kumalizia Makambako bila kurudia kipande kikubwa cha njia.

Ipo njia nyingine ya kuingia Kitulo: kutoka Uyole kwa barabara ya Tukuyu hadi Isyonje, kisha kupanda kupitia Kikondo. Ina mwinuko wa taratibu, na kwa mwenye siku mbili tu ndiyo inayofaa. Ila mwenye nafasi apite Chimala, kwa sababu ya kile kipande kinachoitwa Hamsini na Saba. Jina limetokana na idadi ya kona kali zinazojipinda kupanda ukuta wa mlima kutoka joto la bonde la Usangu hadi baridi ya Matamba. Kwa wawili, kipande hicho kipandwe, kisiteremkwe. Mnapopanda, uzito unakaa juu ya gurudumu la nyuma linalovuta, mwendo ni mdogo, na mambo yakiharibika mnasimama, wa nyuma anashuka, basi. Mnapoteremka, uzito wa watu wawili unaliangukia gurudumu la mbele juu ya kokoto, breki zinapata moto, na abiria anamtelezea dereva mgongoni kona baada ya kona. Bodaboda wa Matamba huiteremka wakiwa na gunia la viazi nyuma, najua. Wao wanaijua kila kona, na gunia halishtuki.

Fahamuni pia mnapanda kwenda wapi. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Kilele cha Mtorwi kinafika mita 2,961, mita moja tu zaidi ya Rungwe, na watu wa huku wanaweza kubishana juu ya mita hiyo hadi chai ipoe. Sehemu kubwa ya uwanda ni hifadhi ya taifa tangu 2005, iliyotengwa kwanza kabisa kwa ajili ya maua badala ya wanyama. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo okidi 45 zinazoota ardhini. Ndiyo maana watu wanapaita Bustani ya Mungu.

Mwezi wa kwenda

Hapa kuna mgongano usioepukika. Maua hufunguka Desemba hadi Aprili, na mvua nayo ni miezi hiyo hiyo. Udongo mwekundu wa mfinyanzi ukilowa hautofautishi tairi jipya na lililokwisha. Juni hadi Agosti barabara ni kavu, lakini usiku uwandani barafu hulala juu ya nyasi, na asubuhi upepo unakata. Septemba na Oktoba ni vumbi, anga safi, vilele vinaonekana mbali, maua machache.

Kama ni mara yenu ya kwanza wawili, nendeni mwishoni mwa Aprili hadi Mei. Mvua inakuwa inaaga, majani bado mabichi, maua ya mwisho mwisho mnayakuta, na baridi kali haijashika. Kama maua ndiyo yanayowapeleka, nendeni Februari au Machi, ila ongezeni siku mbili za akiba za kusubiri barabara ikauke. Siku moja ya jua na upepo hubadilisha mengi kule juu.

Kabla ya kuondoka, pigeni simu kwa mtu aliyeko Matamba au Makete mumuulize hali ya njia wiki hiyo. Mwenye gesti mtakayolala anatosha. Barabara za huku zinajengwa kipande kwa kipande, na maelezo ya mwaka jana huwa yamepitwa na greda.

Pikipiki ipi

Jibu langu huwakera wapenzi wa pikipiki kubwa: chukueni ile ambayo fundi wa Matamba ameshaifungua. Boxer au TVS ya CC 150, iliyo nzima, inatosha. Mkiharibikiwa klachi Kitulo, kebo yake ipo kwenye kibanda cha fundi kijiji cha pili. Pikipiki ya milioni nyingi iliyoagizwa nje itasubiri kipuri Dar, nanyi mtasubiri nayo.

Lakini kubalini mipaka yake. Hewa hupungua kadiri mnavyopanda, na injini hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Boxer yenye nguvu za farasi 12 ikiwa pwani inabaki na kama 9 ikiwa Kitulo, na hizo 9 zinabeba watu wawili. Gia ya pili itakuwa rafiki yenu. Dereva abadili gia mapema, kabla injini haijaanza kukohoa, kwa sababu kuishusha gia katikati ya mpando mkali huku wa nyuma akirushwa ndiko kunakoinua gurudumu la mbele.

Kwa pikipiki ya kabureta kuna jambo la pili. Hewa imepungua lakini petroli inaingia ile ile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito: inavuta kwa uvivu, plagi inatoka nyeusi, harufu ya mafuta inawafuata. Kwa safari ya siku chache msifungue kabureta hovyo. Safisheni chujio la hewa, wekeni plagi mpya na ya zamani mbebe, na asubuhi choki irudishwe mara tu injini ikishika. Fundi anayejua kazi anaweza kupunguza mafuta kidogo kwa skrubu ya kabureta. Akifanya hivyo, mwandike alizungusha kiasi gani, maana mkishuka kwenye joto bila kurudisha, injini itachemka. Pikipiki zinazopuliza mafuta kwa umeme hujirekebisha zenyewe.

Kazi za fundi kabla ya safari, kwa uzito wake:

Breki kwanza. Ya nyuma ibadilishwe kama imebaki nusu, msiseme itafika. Kebo ya breki na ya klachi zikaguliwe pale zinapopinda.

Shokapu za nyuma zikazwe kwa ajili ya watu wawili. Pikipiki nyingi zina pete ya kuzungusha chini ya springi, na wengi hawajawahi kuigusa tangu dukani. Shokapu laini humfanya wa nyuma agonge chini kila shimo, na taa ya mbele imulike miti badala ya barabara.

Mnyororo na sproketi. Kama sproketi ya mbele inabadilishwa, wekeni yenye jino moja pungufu. Mtapoteza mwendo kidogo kwenye lami, mtapata nguvu mlimani.

Tairi: la nyuma liwe na meno ya kweli. Upepo ujazwe kwa kipimo cha kubeba abiria, ambacho kimeandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki yenyewe. Kuna wanaosema upepo upunguzwe mlimani kwa sababu tairi huvimba juu. Huvimba kidogo kweli, lakini baridi hulisinyaza karibu kiasi hicho hicho, kwa hiyo liacheni.

Beba tyubu moja ya akiba, pampu ndogo, vyuma viwili vya kutolea tairi, kebo ya klachi, waya mwembamba, na spana zinazoingia kwenye nati za pikipiki yenu. Seti nzima ya spana za dukani haina maana.

Karatasi: leseni ya daraja A kwa pikipiki inayozidi CC 125, kadi ya pikipiki, bima isiyokwisha katikati ya safari. Helmeti ni mbili, na ya abiria iwe na kioo cha mbele. Ile helmeti ya bodaboda isiyofunga kidevuni muiache nyumbani.

Mizigo

Tafuteni kwenye kitabu cha pikipiki uzito wa juu inaoruhusiwa kubeba, mtoe uzito wenu wawili. Kinachobaki ndicho cha mizigo, na kwa watu wazima wa kawaida hubaki kilo chache kuliko mnavyodhani. Sisi tunagawana begi moja la kufunga kwenye keria na kibegi cha mbele juu ya tangi, ndani ya mifuko ya plastiki mizito. Nguo za kubadili ni seti moja kila mtu. Mengine yatafuliwa Njombe.

Kizito kikae chini na mbele, chepesi nyuma. Kilo kumi zikining'inia nyuma ya taa ya nyuma huinua usukani, na mlimani dereva anaanza kuendesha kitu kisichomsikia. Begi la keria liwe na urefu wa kumfanya abiria aliegemee mgongo bila kumsukuma mbele. Hilo peke yake huongeza saa moja kwenye uvumilivu wake. Msibebe kidumu cha petroli nyuma ya mtu. Tangi lililojazwa Chimala linawafikisha Makete, na vijijini petroli ya chupa ipo kwa dharura, ingawa ichujwe kwa kitambaa.

Mavazi

Kadiri ya kawaida, joto hupungua nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000. Mtatoka Chimala mnatoka jasho, na baada ya kona za mwisho mtakuwa mnatafuta glavu. Upepo wa mwendo ndio unaoumiza zaidi: nyuzi 5 za asubuhi, kwa kilomita 60 kwa saa, mwili unazisikia kama nyuzi 2 chini ya sifuri.

Mwanjelwa, Mbeya, mitumba ya baridi imejaa na bei inazungumzika. Tafuteni jaketi lisilopitisha upepo lenye shingo ndefu, suruali nzito ya kuvaa juu ya nyingine, na glavu za ngozi zenye manyoya ndani. Chini vaeni nguo ya kubana, juu yake sweta, kisha jaketi. Pamba iliyolowa jasho ikae mbali na ngozi, kwa hiyo mkifika juu mbadilishe fulana kabla ya kupoa. Gazeti lililokunjwa chini ya jaketi kifuani linafanya kazi kuliko sweta la tatu, na kitenge kikizungushwa shingoni kinaziba pale helmeti na jaketi visipokutana. Koti la mvua liwe la vipande viwili. Lile la poncho hupeperuka, na juu ya pikipiki ya wawili linaweza kuingia kwenye mnyororo. Sketi, khanga na kitenge cha kujifunga pia, wakati wa kupanda kiti, vikunjwe ndani ya begi.

Jambo moja ambalo madereva hawalijui: anayeendesha hupata upepo, lakini anafanya kazi muda wote, na kazi inampasha joto. Wa nyuma amekingwa lakini hasogei, na damu ya miguuni inalala. Nipe soksi za sufu mbili na viatu vikubwa kuliko namba yangu, nitakusamehe mengine yote.

Jinsi ya kukaa nyuma

Hii ndiyo sehemu ambayo watu hawafundishwi kabisa, kwa sababu sote tumepanda bodaboda na tunadhani tunajua.

Kupanda na kushuka ni kwa upande wa kushoto, ambako hakuna magari wala ekzosi ya moto. Dereva awe amekanyaga chini kwa miguu yote miwili na ameshika breki ya mbele. Mpanda asubiri neno, aweke mkono begani, akanyage, avuke. Kushuka vilevile, kwa neno. Pikipiki nyingi za wawili huanguka zikiwa zimesimama, mtu aliposhuka bila kusema.

Mkishapanda, magoti yabane nyonga za dereva kwa wepesi. Miguu ibaki kwenye vikanyagio hata mkisimama, hata pikipiki ikiyumba. Mguu unaoshushwa ghafla kusaidia ndio unaoteguka. Mnapopanda mlima, shika kiuno cha dereva ujivute karibu naye, ili uzito usiende nyuma. Mnapoteremka, mkono mmoja uende nyuma ushike keria na mwingine usukume tangi mbele ya dereva kama unalifikia. Kumuegemea wakati wa kuteremka humchosha viganja, na baada ya nusu saa breki yake inakuwa nzito kwa kukosa vidole.

Kwenye kona, tazama juu ya bega la dereva la upande mnaogeukia. Kona ya kushoto, bega la kushoto. Ukifanya hivyo mwili unalala wenyewe kwa kiasi sahihi. Usikae wima kwa woga, wala usijilaze kwa bidii. Hamsini na Saba, mwendo unapokuwa wa kutambaa, hakuna kulala kwenye kona: tulia tu katikati, usigeuke kupiga picha. Picha zipigwe mkiwa mmesimama, na kona pana za kusimamia zipo.

Lugha ya mkono, kwa sababu upepo hula maneno. Yetu ni hii: kupiga bega mara moja, punguza mwendo, mara mbili, simama ukipata mahali, kupiga mfululizo, simama sasa. Dereva akigonga goti la abiria mara moja, kuna shimo au tuta, jiandae. Abiria anapogongwa goti asimame kidogo juu ya vikanyagio na kuacha miguu imeze pigo, maana mgongo ukipokea lote, siku ya tatu hautainama kufunga viatu.

Na sheria ya ndoa ya barabarani: wa nyuma akiomba kusimama, pikipiki inasimama, bila maelezo na bila "tumekaribia kufika". Vilevile akisema atatembea kwa miguu kipande fulani, atembee. Matope yenye mteremko, daraja la magogo lililolowa, mchanga mzito kwenye kona: mtu mmoja anavusha pikipiki, mwingine anatangulia kwa miguu kumwonyesha mstari mzuri. Tumevuka sehemu nyingi hivyo na hakuna aliyetucheka, isipokuwa watoto, nao walitusukuma.

Pumzikeni kila saa moja kwenye lami, kila dakika 40 kwenye changarawe. Kama nyote mna leseni, badilishaneni kwenye lami ya Makete hadi Njombe. Dereva atashangaa jinsi kiti cha nyuma kilivyo.

Siku kwa siku

Siku ya kwanza, Mbeya hadi Matamba. Ondokeni saa moja asubuhi kabla malori hayajaamka yote. Mteremko wa Mlima Nyoka na wa Inyala ni wa kuheshimu: malori huteremka hapo yakiwa na breki za moto, kwa hiyo msikae mbele ya lori kwenye mteremko, mliache lipite. Vijijini ni kilomita 50 kwa saa, na askari wa tochi wapo. Chimala jazeni tangi, mle, mnywe maji, mkaze mizigo upya. Pandeni kabla ya saa sita mchana. Alasiri, msimu wa mvua, wingu huufunika ukingo na kona mnaziona zikiwa tayari mbele ya gurudumu. Pigeni honi kila kona iliyofichwa, bakini kushoto, na mpishe Fuso la viazi, kwa sababu dereva wake hawezi kusimama na kuanza tena kirahisi.

Laleni Matamba. Kupandisha wote kwa siku moja hadi uwandani inawezekana, lakini usiku mmoja hapo huupa mwili nafasi ya kuzoea hewa. Gesti ni za kawaida: ulizeni blanketi la pili na ndoo ya maji ya moto, na pikipiki iingie ndani ya ua. Kitabu cha wageni kitawauliza mnakotoka, mnakokwenda na kabila. Jazeni tu.

Siku ya pili ni ya uwandani. Ofisi ya hifadhi iko Matamba, na hapo ndipo mlipie kiingilio, kwa namba ya malipo na siyo kwa fedha mkononi. Ulizeni wazi pikipiki inaruhusiwa kufika wapi, maana hifadhi zetu kwa kawaida haziruhusu pikipiki kuzurura ndani, tofauti na barabara ya umma inayokatiza. Uzuri wa Kitulo ni kwamba kutembea kwa miguu kunaruhusiwa na hakuna simba. Ondokeni saa tatu, jua likishakausha umande au barafu kwenye madaraja. Ni mwendo wa saa moja hivi hadi juu.

Acheni pikipiki mtembee. Tandawala, yule ndege mkubwa wa nyikani, anaonekana akitembea kwa mikogo kwenye nyasi, na msimu wa mvua mbayuwayu wa buluu huja kuzaliana hapa. Okidi zitazameni na kuziacha: viazi vyake vimechimbwa kwa magunia kupelekwa Zambia vinakoliwa, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kuilinda sehemu hii. Mkirudi Matamba jioni mmeshazoea hewa, kesho mtavuka mkiwa wepesi.

Siku ya tatu, Matamba hadi Makete kupitia Kitulo. Huu ndio mwendo mrefu wa juu. Mnapita karibu na shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa, kisha mnaanza kushuka kwenye nchi ya Wakinga, mashamba ya viazi, ngano na pareto yakiwa yamening'inia kwenye miteremko. Sheria ya kushuka: gia ambayo mngepandia ndiyo mteremkie. Breki ipigwe na kuachwa, isishikiliwe. Mkisikia harufu ya kuungua, simameni robo saa, msimwage maji kwenye ngoma ya breki. Makete mjini, panapoitwa Iwawa, kuna sheli, wakala wa simu na mafundi.

Siku ya nne ni kilomita 107 za lami hadi Njombe, na ni siku hatari kuliko inavyofanana. Baada ya changarawe, lami hulevya. Kona ni nyingi, ukungu hushuka bila taarifa, malori ya mbao hukata kona, na asubuhi za Juni na Julai kivuli cha msitu kinaweza kuwa bado na barafu nyembamba. Washeni taa mchana, wa nyuma avae kizibao cha kuakisi mwanga, maana yeye ndiye anayeonekana kutoka nyuma. Njombe pumzikeni siku nzima. Kuna maparachichi, kuna matofaa, kuna maporomoko ya Luhuji karibu na mji, na msimu wa mvua kuna ulanzi, pombe ya mianzi, ambao dereva wa kesho aununue kwa macho tu.

Mwili

Ugonjwa wa mwinuko huanza kuwapata watu kwenye mita 2,500 hivi, kwa hiyo Kitulo ni mpakani. Wengi huishia kichwa kuuma, kukosa usingizi na kuhema wakipanda ngazi. Maji mengi, chakula cha moto, kazi kidogo. Kichwa kikiambatana na kutapika au kuyumba, msisubiri asubuhi: shukeni. Kutoka uwandani, saa moja ya kushuka huleta nafuu kubwa.

Mwenye selimundu asipande bila kuzungumza na daktari wake, kwa sababu hewa nyembamba na baridi ni vichochezi vya maumivu. Mwenye ugonjwa wa moyo au pumu isiyotulia vilevile. Mjamzito, ningemwambia aende kwa gari, na sababu ni matuta zaidi ya mwinuko. Jua la juu huchoma ngozi hata kukiwa na baridi, kwa hiyo mafuta ya midomo na miwani ni vya lazima. Hospitali ya kukumbuka upande wa Makete ni ya misheni ya Ikonda, kwenye barabara ya Njombe. Mtandao hupotea vipande vipande uwandani, basi kila asubuhi mtumieni mtu mmoja ujumbe wa njia mtakayopita na saa ya kufika. Fedha taslimu za siku mbili ziwe mfukoni, zimegawanywa kwa wawili.

Kurudi

Njombe hadi Makambako ni lami nzuri na upepo wa pembeni. Kutoka hapo mko tena na mabasi na malori ya Zambia na Kongo. Kaeni kushoto, msishindane, na mkipitwa na basi dereva ashike usukani kwa utulivu na wa nyuma abane magoti, kwa sababu upepo wa basi husukuma mara mbili: linapokaribia, na linapomaliza kupita. Igawa hadi Chimala ni tambarare na joto, mtakuwa mmevua majaketi, na usingizi wa mchana huja hapo. Simameni mnunue chai hata kama hamna kiu.

Nyumbani, kabla pikipiki haijarudi kazini, hakikisheni skrubu ya kabureta imesharudi ilipokuwa, springi za shokapu zilegezwe kama dereva atakuwa peke yake, mnyororo uoshwe na kupakwa oili, na fundi afungue ngoma ya breki ya nyuma aone kilichobaki. Oili ya injini ibadilishwe bila kungoja kilomita zitimie.